Makaroni ya baridi kwa watu sitini: yapikwe Ijumaa, yaliwe Jumamosi

"Shikamoo mama. Jumamosi ijayo mdogo wangu anafanyiwa sherehe ya mahafali hapa nyumbani Tabata. Wageni ni kama sitini, chakula saa saba mchana, chini ya turubai. Pilau na kuku vina wapishi wake. Mimi nimejitwika saladi ya makaroni ya Kiitaliano, ile ya zeituni, nyanya na jibini inayoliwa baridi. Nataka niipike Ijumaa ili Jumamosi niwe huru. Tatizo ni kwamba siku ya Pasaka niliijaribu kwa watu kumi na watano. Usiku ilikuwa tamu, kesho yake nikaikuta imekauka, imeshikana kama keki, haina ladha, na chini ya bakuli kuna maji ya nyanya. Shangazi anasema nitie mafuta kwenye maji ya kuchemshia, kisha nisuuze makaroni bombani. Jirani anasema nikitia mayonezi nitaua watu. Nimshike nani? Na je, ni salama kweli kulaza makaroni?"

Marahaba mwanangu, na mpe mdogo wako hongera zangu.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonivuta ni hiki: saladi yako ilikuwa kavu juu na ina maji chini, kwa wakati mmoja. Wengi wakikuta hivyo hudhani wamekosea vipimo, wanaongeza mafuta, na safari ijayo yanawakuta yale yale. Vipimo vyako sidhani kama vilikuwa na neno. Ila uliichukulia saladi hii kama biriani, kwamba ukishaichanganya na kuifunika, kazi imekwisha. Makaroni yakitoka jikoni hayajamaliza kunywa. Yanaendelea kunywa usiku kucha ndani ya friji, na yanakunywa kile ulichoyapa: mafuta, siki, chumvi. Ukilikubali hilo, kinachobaki ni kupanga saa.

Mimi chakula hiki nilikijulia Watamu, kwenye jiko la hoteli ambayo wageni wake karibu wote walikuwa Waitaliano. Ukanda ule wa Malindi umewazoea hao watu kiasi kwamba vijana wa ufukweni wanakutupia "ciao" kabla hawajauliza hali. Kwao makaroni ya baridi ni chakula cha kiangazi, cha kutia kwenye chombo na kwenda nacho baharini, hasa siku za Ferragosto, sikukuu yao ya tarehe 15 Agosti. Ile sosi ya chupa inayoitwa ya Kiitaliano, yenye sukari na majani makavu yanayoelea, ni mambo ya Wamarekani. Mwitaliano anatia mafuta ya zeituni, chumvi, pengine siki kidogo, basi. Kwa hiyo hiyo chupa iache dukani, hela yake ongezea kwenye jibini.

Tuanze na ule ukavu. Makaroni mazuri hutengenezwa kwa ngano ngumu ya aina ya durumu. Italia wana sheria tangu 1967 inayotaka pasta kavu iwe ya ngano hiyo. Ndani yake kuna protini ya gluteni, ambayo ni kama wavu, na chembe za wanga zilizonaswa ndani ya wavu huo. Kwenye maji yanayotokota chembe hizo hufyonza maji, zikavimba na kulainika, na wavu ndio unaozizuia zisimwagike nje. Ngano laini ina wavu dhaifu, ndiyo maana makaroni mengine ya bei rahisi ukiyapitisha dakika mbili tu yanakuwa uji. Sasa, yakipoa, ule wanga unajirudi: nyuzi zake zilizokuwa zimetawanyika zinajipanga upya, zinakazana, na maji yanasukumwa pembeni. Jambo hili unalifahamu. Ndilo linalofanya wali wa jana uwe mgumu na ugali uliolala ukatike kama kipande cha sabuni. Na ubaridi wa friji, ule wa karibu nyuzi 4, ndipo mahali ambapo wanga hukaza upesi kuliko hata ukiuacha mezani.

Kwa hiyo kukaza ni lazima kutokee, usipoteze nguvu kushindana nako. Unachoweza ni kuyatoa jikoni yakiwa laini kidogo kuliko unavyotaka yaliwe. Hapa wapishi wanagawanyika. Waitaliano wengi watakwambia toa dakika moja kabla ya muda wa pakiti, yakiwa bado na ugumu wa kung'ata, kwa kuwa yataendelea kuiva kwa joto lake na kunywa sosi. Wamarekani wengi wanaolaza saladi hii wanasema kinyume chake: pitisha dakika mbili tatu, maana baridi itayakaza. Nimefanya yote mawili. Kama mnakula siku hiyo hiyo bila kupita kwenye friji, haki ni ya Mwitaliano. Kama yanalala, haki ni ya Mmarekani, ila dakika tatu ni nyingi. Pika kwa muda kamili ulioandikwa (pakiti za Italia huandika "cottura" karibu na dakika), kisha toa moja, likate katikati kwa kisu, ulitazame. Ukiona nukta nyeupe kama chaki, bado. Nukta ikishapotea hesabu dakika moja zaidi, uyatoe.

Umbo nalo lina neno. Chukua fusilli, yale yaliyosokotwa kama skrubu, kwa sababu sosi hukaa kwenye mikunjo. Yale ya kipepeo yanapendeza kwenye picha, lakini fundo la katikati hubaki gumu wakati mabawa yameshalegea. Tambi ndefu usiziguse kabisa. Mgeni aliyesimama chini ya turubai, sahani mkono mmoja na soda mkono wa pili, atakulaani kimoyomoyo.

Kuhusu kiasi: Mwitaliano humhesabia mtu gramu 80 hadi 100 za makaroni makavu yakiwa ndiyo mlo wenyewe. Mezani kwako kuna pilau na kuku, kwa hiyo gramu 50 zinatosha, na kusema kweli watu wakishaliona pilau hata hizo zitabaki. Gramu 50 mara sitini ni kilo tatu, pakiti sita za nusu kilo. Yakiiva yanazidi maradufu, na ukishatia mboga, jibini na sosi utakuwa na kilo kumi na mbili au kumi na tatu za saladi. Kabla hujaenda dukani, fungua friji yako uangalie kama kilo kumi na tatu zitaingia.

Shangazi sasa. Mafuta kwenye maji ya kuchemshia hayasaidii kitu, yanaelea juu huku makaroni yako chini, na siku ya kuchuja yanakwenda na maji. Kinachozuia kushikana ni maji mengi na mwiko. Wanga wa juujuu hutoka katika dakika mbili za mwanzo na huo ndio gundi. Koroga dakika hizo mbili bila kwenda kupokea simu, baada ya hapo koroga mara moja moja. Kipimo ambacho jiko letu la Watamu lilikifuata ni lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi, gramu 100 za makaroni. Ni maji mengi, najua. Kwa kilo tatu ni lita 30, na usithubutu kuzipika kwa mkupuo mmoja juu ya jiko la gesi la nyumbani: ukishamimina makaroni yote maji yanapoa, yanachukua muda mrefu kurudi kutokota, na katika muda huo makaroni yanakaa kwenye maji vuguvugu yakigandana. Pika kilo moja moja kwenye lita 10. Chumvi ya mpiko mmoja ni kama vijiko vikubwa vitano na nusu, na usiogope, nyingi inabaki kwenye maji. Makaroni yasipopata chumvi sufuriani hayataipata tena. Utaiweka kwenye sosi lakini ndani yatabaki doro.

Usibebe sufuria ya lita 10 zinazochemka kwenda kuimwaga kwenye karo. Nimeona mkono ulioungua kwa namna hiyo na sitaki kuona mwingine. Opoa makaroni kwa chujio la mkono uyatie kwenye sinia, na yale maji yatumie kwa mpiko wa pili. Kwa mpiko wa tatu badilisha, yatakuwa yameshakuwa mazito kama uji wa mgonjwa.

(Kwa wasomaji wa Nairobi: mji wenu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka karibu nyuzi 94, si 100. Dakika za pakiti ziongezeni kidogo, kisha mwamini kisu na ile nukta nyeupe.)

Kuhusu kusuuza, shangazi ana nusu ya ukweli. Makaroni ya moto hayasuuzwi, kwa sababu ule wanga wa juu ndio unaoshika sosi. Ya baridi kusuuza kunakubalika, kunasimamisha kuiva na kuondoa gundi. Ninachokikataa ni neno "bombani". Umechemsha chakula, umeua karibu kila kilichokuwemo, halafu unakimwagia maji ambayo wewe mwenyewe huyanywi bila kuyachemsha? Ukitaka kusuuza, tumia maji ya kunywa yaliyopozwa kwenye friji. Mimi siku hizi sisuuzi. Natandaza makaroni kwenye masinia mapana, kina kisichozidi vidole viwili, nayanyunyizia sosi yangali na mvuke, nayageuza, nawasha feni. Yakiwa ya moto yanafyonza ladha kuliko yatakavyofyonza baadaye yakiwa baridi, na siki inaingia mpaka ndani. Yakipoa kiasi cha kushikika, yafunike kwa kawa au kitambaa safi chepesi, nzi wasikutangulie. Mfuniko wa sufuria hapana, unarudisha mvuke.

Sasa lile swali la mwisho, ambalo uliliuliza kama nyongeza na kwangu mimi ndilo kubwa. Ni salama kulaza makaroni? Ndiyo, yakipozwa upesi na yakakaa baridi. La sivyo, hapana. Katika nafaka na wanga yupo bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Kuchemsha kunamuua yeye, lakini hakuui vile vijibegu vyake, vinavyojifungia kwenye ganda gumu na kusubiri. Chakula kikikaa vuguvugu kwa saa nyingi vinaamka, vinazaliana, na kutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haifi hata ukipasha moto tena. Ndiyo maana ile imani yetu ya kiporo, kwamba kikishatokota upya kimekuwa salama, haifanyi kazi hapa. Na usingoje harufu ya kuchacha ikuonye. Chakula chaweza kuwa na sumu na kikanukia vizuri tu. Yupo na mwingine, Staphylococcus aureus, anayekaa kwenye ngozi, puani na kwenye vidonda vya vidole vyetu. Yeye huingia wakati wa kuchanganya kwa mikono, na sumu yake nayo inavumilia moto. Kwa hiyo nawa, funga kidonda, changanya kwa mwiko, na aliye na mafua au anayeharisha asikusaidie jikoni Ijumaa, hata kama ndiye hodari kuliko wote.

Hesabu ya kupoza ni hii: kutoka moto hadi joto la kawaida la nyumba isizidi saa mbili, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Kwenye sinia pana chini ya feni, nusu ya kwanza inatimia bila shida. Kwenye ndoo haitimii. Nilipoanza kupikia sherehe peke yangu, nilipika makaroni ya watu themanini, nikayajaza yote kwenye ndoo kubwa moja yenye mfuniko, nikaibana kwenye friji saa tatu usiku, nikalala kwa amani. Alfajiri nilizamisha mkono katikati ya ndoo. Pembeni yalikuwa ya baridi; katikati yalikuwa na joto la mwili wa mtu. Yalitoa harufu nyepesi, tamutamu, kama uji uliosahaulika. Nikamwaga yote. Saa kumi na moja nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa duka la jirani nikigonga ninunue pakiti nyingine. Kwa hiyo tumia vyombo vifupi, hata vikiwa sita au saba. Friji yako ikiwa ndogo, omba nafasi kwa jirani, au tafuta deli la kutunzia barafu, ulijaze mabonge ya barafu Ijumaa jioni. Umeme ukikatika usifungue friji kila dakika kuangalia; ikibaki imefungwa inatunza ubaridi kwa kama saa nne.

Na mayonezi ya jirani? Ile ya dukani ina siki ya kutosha kuwazuia bakteria wengi. Mara nyingi inabebeshwa lawama ambayo ni ya makaroni, viazi au kuku waliochanganywa nayo. Mayonezi ya hatari ni ile ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi, hiyo kwenye shughuli ya watu sitini iache. Hata hivyo nami ningekushauri usiitie, kwa sababu nyingine: saladi ya mtindo wa Kiitaliano haiihitaji, na kwenye joto la Dar inajitenga, inaacha mafuta juu ya makaroni kama kitu kilichotoka jasho.

Tukirudi kwenye maji yaliyokuwa chini ya bakuli. Hayo yalitoka kwenye nyanya na tango, na aliyeyatoa ni chumvi. Umeshakata kachumbari, unajua: ukiitia chumvi mapema, baada ya nusu saa inaogelea. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya mboga, na usiku mzima ni muda wa kutosha kuzikausha zote. Kwa hiyo Ijumaa changanya zile zinazovumilia tu: pilipili hoho sita za rangi mbili tatu, zeituni gramu 600 hivi zilizotolewa kokwa, na vitunguu maji viwili vilivyokatwa vyembamba na kuloweshwa kwenye siki dakika kumi ili vipunguze ukali. Nyanya kilo moja na nusu na matango manne yasubiri Jumamosi asubuhi. Pasua nyanya, toa mbegu kwa kidole, kata vipande vya kidole gumba, tia chumvi kidogo, weka kwenye chujio juu ya bakuli dakika ishirini. Yale maji mekundu yanayodondoka usiyamwage, yatie kwenye sosi. Ndiyo yenye ladha kuliko nyanya yenyewe.

Jibini pia isubiri. Mozzarella laini inakuja ikiwa ndani ya maji yake na itaendelea kuyatoa. Ikate, ikaushe kwa kitambaa safi, itie mwisho. Ukipata jibini ngumu kiasi, zikiwemo za mtindo wa Kiitaliano zinazotengenezwa Njombe, utaona kazi inakuwa nyepesi, hazimwagi maji na hazivunjiki ukichanganya. Gramu 750 zinatosha. Salami naomba uiweke kwenye sahani ya pembeni na useme wazi ni ya ng'ombe au ya nguruwe. Ukitaka kitoweo ndani ya saladi yenyewe, jodari wa kopo ni mzuri na hana ugomvi na mgeni yeyote.

Halafu majani. Mrehani wetu wa pwani, ule wanaoutia kwenye vikuba pamoja na asumini, ni ndugu wa basili ya Waitaliano, ila wetu una ukali wenye harufu ya karafuu. Tumia nusu ya kiasi. Na usiutie kwenye friji: baridi inaugeuza mweusi, na siki inaumalizia. Usimamishe kwenye glasi ya maji kama ua, hapo dirishani, na uuchane kwa vidole juu ya saladi wakati wageni wanapanga foleni.

Sosi ya pakiti sita ni kama lita 1.8. Mimi natia mafuta lita 1.2 na siki mililita 600, yaani mbili kwa moja. Kwenye majani mabichi kipimo cha kawaida ni tatu kwa moja, lakini makaroni ni mapole na baridi inaupooza ulimi, bila ukali zaidi utarudi kwenye ile saladi yako isiyo na ladha. Mafuta yote yakiwa ya zeituni utalia dukani, na tena yakikaa kwenye friji yanaganda vipande vyeupe. Changanya nusu zeituni, nusu alizeti iliyosafishwa, alizeti haigandi. Ila isiwe ile ya kukamuliwa Singida ambayo bado ni nzito na ina harufu yake, hiyo itafunika kila kitu. Siki iwe ya tufaha, au ya mvinyo mwekundu kama wageni wako hawana shaka nayo. Ongeza haradali vijiko vikubwa vinne, ndiyo inayoshikanisha mafuta na siki zisitengane, chumvi vijiko vikubwa viwili, sukari kimoja, oregano kavu vitatu, pilipili manga. Kitunguu saumu kiponde Jumamosi. Kukiloweka kwenye mafuta na kukiacha juu ya kabati ni njia mojawapo ya kukaribisha sumu ya botulizimu, na hiyo si ya kutapika tu, inapoozesha misuli hadi ya kupumua.

Sasa uigawe. Wapo wanaomimina sosi yote Ijumaa; ladha inaingia, ila asubuhi saladi ni kavu. Wapo wanaoyaacha makaroni matupu hadi Jumamosi. Yanashikana, na sosi inabaki nje kama mvua juu ya bati. Mimi natia mara mbili. Mililita 600 Ijumaa yakiwa na mvuke, 200 kwa kila mpiko. Mililita 900 Jumamosi. Zile 300 za mwisho zikae kwenye chupa hadi mezani, maana kila pakiti hunywa kwa tabia yake.

Ijumaa anza saa tisa alasiri, usisubiri usiku. Maji lita 10 kwenye gesi yanachukua nusu saa au zaidi kabla hayajatokota, mara tatu, na bado kuna kupoza. Ukianza saa tisa, kufikia saa mbili usiku kila chombo kiko ndani ya friji na wewe unaweza kusuka nywele. Jumamosi saa nne kata nyanya na matango. Saa sita toa makaroni. Yatakuwa yameshikana mabonge, usiyapige mwiko, mimina ile sosi, ngoja dakika tano, yataachia yenyewe ukiyageuza taratibu. Tia mboga na jibini. Kisha onja. Onja yakiwa baridi vile vile yatakavyoliwa, kwa sababu chumvi uliyoiona inatosha Ijumaa jioni kwenye makaroni ya moto hutaiona Jumamosi mchana. Karibu kila mara nakuta panahitaji chumvi zaidi na tone la siki.

Usitoe zote kwa pamoja. Weka theluthi moja mezani kwenye bakuli lililokaa juu ya sinia la barafu, nyingine zibaki kwenye friji au deli, ujaze kadiri zinavyoisha. Na usimwage mpya juu ya za zamani, badilisha bakuli. Kuanzia dakika zinapotoka kwenye baridi una saa mbili. Chini ya turubai, joto likizidi nyuzi 32, una saa moja. Mpe kazi hiyo mtu mmoja mwenye saa mkononi, asiwe wewe, wewe utakuwa unapiga picha.

Andika kikaratasi pembeni ya bakuli: ina ngano, maziwa, haradali, na samaki kama umetia jodari. Wajawazito waambie kwa upole waachane na salami ambayo haijapikwa na jibini ya maziwa yasiyochemshwa, kwa sababu yupo bakteria mwingine, Listeria, ambaye hata friji haimzuii kukua, na kwa mimba ni hatari.

Nikwambie pia lini uachane na mpango wangu. Kama hadi Alhamisi hujapata nafasi ya baridi ya kilo kumi na tatu, usipike Ijumaa. Pika Jumamosi alfajiri nusu ya kiasi, au mpe kazi mpishi wa shughuli mwenye friji kubwa, na umwulize kwa macho yako, si kwa simu, chakula chake kinapozwa wapi. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, watu wakaanza kutapika ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula, wape maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini zile za pakiti, kwa funda ndogondogo. Wengi hutulia ndani ya siku moja. Lakini mtoto mdogo, mzee, mjamzito, mtu mwenye homa kali, damu kwenye choo, kinywa kilichokauka au aliyekaa saa nyingi bila kukojoa, huyo usimtibu kwa ushauri wa mpishi. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo. Na yeyote ambaye macho yanaona mbili mbili au ulimi umekuwa mzito, hospitali, mbio.

Mabaki je? Yaliyobaki kwenye friji bila kutoka yanaweza kuliwa hadi Jumatatu. Yaliyokaa mezani yanamwagwa, hata kama ni bakuli zima na jibini bado inang'aa. Najua watakuja na vikontena vyao saa kumi jioni, hasa shangazi. Mfungie keki.